Barua ya Biashara Ifuate Mwezi wa Mvuvi

Wafanyabiashara wa mji wetu wa Mwanza wameshika desturi ambayo hatuna ugomvi nayo kwa asili yake, ila tuna ugomvi na saa yake. Muuza injini za mitumbwi, muuza nyavu na taa za sola, wakala wa bima, muuza chakula cha samaki wa vizimba na taasisi za mikopo, wote siku hizi huwaandikia wateja wao kwa barua pepe, barua moja ikapelekwa kwa mamia ya watu kwa mara moja. Aghalabu barua hizo hutoka siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Ukiuliza kwa nini Jumanne, na kwa nini saa nne, utajibiwa kwamba ndivyo wataalamu wanavyoelekeza.

Hao wataalamu hawakosei huko kwao. Ushauri wao ulitokana na kuwachunguza watu wa Ulaya na Marekani wanaokaa maofisini. Mtu wa namna hiyo siku ya Jumatatu huwa na kazi zilizolala tangu wiki iliyopita, na Ijumaa mawazo yake yamekwisha kutoka mlangoni kabla ya miguu. Jumanne, saa nne, amekwisha kunywa chai, ametulia mezani, na barua ya muuza bidhaa huweza kupata macho mawili ya kuisoma. Lakini mteja wa Nansio, wa Ukara, wa Irugwa, wa Kome au wa Maisome hana meza hiyo. Saa nne asubuhi mvuvi wa dagaa amelala usingizi mzito, kwa kuwa usiku kucha alikuwa majini. Na mkewe au dada yake yuko juani, ameinamia mchanga, anageuza dagaa.

Hivi karibuni tulifika katika mwalo mmoja wa Ukara, tukamkuta mama mmoja mkaushaji ambaye simu yake huifunga ndani ya mfuko wa nailoni na kuipachika katika pindo la kanga, isiingie maji wala magamba. Alitufungulia barua aliyoandikiwa na mnunuzi wa mjini. Barua ilikuwa njema. Ilitaja bei ya gunia la dagaa wakavu, nayo ilikuwa bei ya kuridhisha. Ilikuwa imetumwa saa nne asubuhi. Magunia ya mama huyo yalikuwa yameondoka alfajiri ya siku ile ile kwa bei ya mchuuzi aliyekuja na mtumbwi wake. Alitutazama akasema, “Ndugu zangu, barua hii ingalinifikia jana jioni, leo ningalikuwa na ada ya mtoto.”

Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu. Mnunuzi yule alikuwa na fedha, na mama alikuwa na mali. Barua iliandikwa kwa Kiswahili safi, na mtandao ulifanya kazi yake. Kilichokosekana ni saa tu, na kwa kukosekana kwake faida ya mwezi mzima ilihamia mfuko mwingine.

Hapana budi tuseme kwamba jambo hili si geni ulimwenguni. Barua ya kwanza ya biashara kutumwa kwa watu wengi kwa njia ya kompyuta, bila wao kuiomba, ilitumwa tarehe 3 Mei, 1978. Aliyeituma ni Gary Thuerk wa kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, naye aliwapelekea watu wapatao 400 tangazo la kompyuta mpya. Alipata wanunuzi, na papo hapo alipata lawama nyingi. Tangu siku ile hadi leo barua za namna hii zimebeba baraka na karaha katika bahasha moja. Linaloamua ipi kati ya hizo mbili itamfikia msomaji ni mambo mawili: kama aliiomba barua hiyo, na kama imemkuta wakati anaoweza kufanya jambo juu yake.

Tuanze na wakati, kwa kuwa ndio unaopuuzwa zaidi.

Mkazi wa visiwani anayo kalenda ambayo haikuchapishwa na kiwanda chochote. Kalenda hiyo ni mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa; zamani ilikuwa karabai, na sasa taa za sola zimeenea. Taa huwavuta dagaa ikiwa kuna giza. Mwezi ukijaa, nuru yake hutawanyika juu ya ziwa lote, taa ya mvuvi ikakosa nguvu, na mitumbwi mingi hupandishwa ufukoni kwa muda wa wiki moja hivi. Kwa hiyo mwezi wa mvuvi una vipindi viwili. Wakati wa giza ni wakati wa kazi, usiku majini na mchana usingizini. Wakati wa mbalamwezi ni wa kushona nyavu, kukarabati mitumbwi, kulipana madeni, kuvuka kwenda mjini, na kutumia fedha iliyopatikana gizani.

Sisi tuliosoma chuoni kabla ya kusoma shuleni tulifundishwa kuhesabu mwezi kwa kuutazama. Tunajua kwamba tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu ndizo usiku wake huwa mweupe. Yeyote mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani, awe wa dini yoyote, anayo tayari ratiba ya uvuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria, wala hahitaji mtaalamu kutoka ng’ambo. Lakini na ajihadhari: mwezi huo una siku 29 au 30, na mwaka wake ni mfupi kuliko mwaka wa kawaida kwa siku zipatazo 11. Mfanyabiashara anayejiwekea kanuni ya kutuma barua kila tarehe 1 ya mwezi wa kawaida, safari moja atamkuta mteja amepumzika na ana fedha, na safari nyingine atamkuta yuko katikati ya ziwa. Kisha atashangaa kwa nini barua ile ile mara hupokewa vyema na mara hutupwa, naye atailaumu lugha ya barua au bei ya bidhaa, ilhali wa kulaumiwa ni tarehe.

Kwa hiyo basi, shauri letu la kwanza ni hili. Barua inayomtaka mtu afikiri na atoe fedha nyingi, kama vile ya injini, ya boti, ya mkopo au ya bima, na itumwe mbalamwezi ikianza, wakati mvuvi yuko nchi kavu na mapato ya giza yangali mkononi. Barua ya vitu vinavyohitajika kazini, kama nyavu, nyuzi, betri na taa, na itumwe siku chache kabla giza halijarudi, ili aliye kisiwani apate nafasi ya kuagiza na mzigo upate nafasi ya kuvuka. Na barua ya bei ya dagaa isingoje asubuhi kamwe. Itumwe jioni, kabla magunia hayajapakiwa, ili muuzaji ailalie na kuamka na uamuzi.

Saa za mchana nazo zina mafunzo yake. Wakati wa giza mitumbwi hurudi alfajiri, na kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mwalo huwa na shughuli nyingi: kupakua, kununua, kuanika. Hapo hapana anayesoma. Mwanya wa kwanza ni mchana, saa saba hadi saa tisa, jua linapofanya kazi yake na mkaushaji anapobaki kulinda ndege na kutazama mawingu. Mvuvi naye huamka alasiri, akakaa na wenzake kabla ya kwenda majini jioni. Saa tisa hadi saa kumi na moja ni saa yake. Mwalimu wa kisiwani, muuguzi wa zahanati na mtendaji wa kata wana saa nyingine, ambayo ni jioni baada ya kazi. Wauza maduka wa Nansio husoma kabla ya wateja kuingia. Barua moja kwa wote, kwa saa moja, ni sawa na kocha anayewafanyisha mazoezi mamoja mkimbiaji na mzamiaji.

Juu ya hayo ziko siku za ibada na za mikusanyiko. Ijumaa, kati ya saa sita na saa nane mchana, Mwislamu yuko msikitini au njiani. Jumamosi nzima Msabato amefunga biashara yake, na katika kanda yetu ya Ziwa ndugu hao si wachache. Jumapili asubuhi ni ya makanisa. Katika mwezi wa Ramadhani, kumpelekea mfungaji tangazo la chakula saa tisa alasiri ni kumkera bila sababu. Ziko pia siku za magulio, tofauti kwa kila kijiji, ambazo barua iliyotangulia kwa siku moja ina faida, na iliyochelewa kwa siku moja ni karatasi tupu. Liko na Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Msafiri wa Sengerema na Geita aliyezoea kungoja kivuko, akasoma barua zake zote ndani ya gari, sasa huvuka kwa dakika chache. Mfanyabiashara aliyekuwa akimvizia pale kivukoni na amtafute pengine.

Tena kuna jambo la saa yenyewe, ambalo ni dogo lakini limewahi kutia watu aibu. Waswahili tunahesabu saa tangu jua linapochomoza. Mashine huhesabu tangu usiku wa manane. Ofisi moja ya mjini, ambayo hatutaitaja, ilimwagiza kijana wake atume barua saa nne. Kijana akaandika 4:00. Barua mia kadhaa zikaondoka saa kumi alfajiri, zikawaamsha watu waliodhani kuna msiba. Pia programu nyingi za kutuma barua hutoka katika nchi ambazo husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka, ilhali sisi Tanzania tuko saa tatu mbele ya Greenwich mwaka mzima, wala hatusogezi kitu. Ratiba iliyowekwa kwa saa za kwao, hata ikiwa sahihi mwezi Januari, huenda Aprili ikawa imepotoka kwa saa nzima. Kabla hujabishana na mteja, hakikisha mashine yako inajua iko Mwanza.

Watatuuliza wengine: tutajuaje kwamba saa tuliyoichagua ni njema? Kwa miaka mingi wenye biashara walijibu swali hilo kwa kuhesabu ni watu wangapi wamefungua barua. Hesabu hiyo hupatikana kwa picha ndogo isiyoonekana inayofichwa ndani ya barua. Barua ikifunguliwa, picha huitwa kutoka kwa mtumaji, naye akajua. Lakini tangu mwaka 2021 kampuni ya Apple imewapa wateja wake njia ya kuzivuta picha hizo kabla hata barua haijasomwa, kwa nia ya kulinda siri za msomaji. Matokeo yake ni kwamba mtumaji huonyeshwa watu “waliofungua” barua ambao kwa kweli hawajaigusa. Anayechagua saa kwa hesabu hiyo anajidanganya. Na ahesabu majibu, maagizo, na simu alizopigiwa. Agawe wateja wake mafungu mawili, hawa awaandikie mchana na hawa jioni, kisha baada ya miezi miwili au mitatu, giza na mbalamwezi zikiwa zimepita zote, atazame fungu lipi limenunua. Elimu hiyo haina gharama, nayo ni ya kwetu wenyewe.

Lakini njia fupi kuliko zote ni kumwuliza mteja. Siku anapoandika anwani yake dukani, aulizwe: ungependa kuandikiwa lini? Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Vivyo hivyo aliyeketi chini ya feni hamjui aliyekesha majini, mpaka amwulize.

Kuuliza huko si hisani tu, bali ni wajibu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakataza kumpelekea mtu matangazo ya biashara asiyoyaridhia, na inamtaka mtumaji ajitambulishe, aseme kusudi lake, na ampe mpokeaji njia ya kukataa barua nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo imezifanya anwani na namba za watu kuwa amana, si bidhaa ya kuuziana. Hata hivyo ziko orodha za anwani zinazopita kutoka mkono huu hadi mkono ule. Orodha hizo hazina hata faida kwa anayezinunua. Wengi katika visiwa wana anwani ya barua pepe iliyofunguliwa na kijana wa duka siku waliponunua simu, kwa sababu simu iliidai, nao hawaijui wala neno lake la siri hawalikumbuki. Kuwaandikia hao, kwa saa yoyote ile, ni kutupa mawe kisimani.

Tunalo na jambo zito zaidi. Visiwani simu haikuletwa kwa ajili ya matangazo peke yake. Kwa simu hiyo hiyo huja habari ya mgonjwa, habari ya fedha, na tahadhari ya upepo mkali inayotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ziwa letu hubadilika kwa muda mfupi, nalo halina huruma na aliyechelewa kusikia. Sasa mtu akiamshwa mara tatu kwa siku na barua za kumtaka anunue asichokihitaji, atafanya nini? Ataunyamazisha mlio wa simu, kisha atazoea kutoutazama. Siku itakapofika barua ya kweli, itazikwa chini ya lundo. Mfanyabiashara anayetuma ovyo hapotezi mteja wake tu. Anawazibia njia wengine wote wenye la kusema.

Kwa sababu hiyo maneno yetu hayawahusu wafanyabiashara peke yao. Watumishi wa halmashauri na wa idara za serikali nao ni watumaji. Matangazo ya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ya leseni za uvuvi, ya mafunzo na ya zabuni, yote siku hizi hupitia mtandaoni. Tangazo likitolewa giza linapoanza, na siku za kuomba zikaisha kabla mbalamwezi haijafika, kijana wa Irugwa atakuwa amenyimwa nafasi bila mtu yeyote kumnyima. Hakuna atakayeonekana mwenye kosa. Kwenye jalada itaandikwa kwamba wananchi walitangaziwa. Sisi tunasema kutangaza ni pale mtu anapopata kusikia. Kabla ya hapo ni kupiga kelele tu.

Nchi hii iliwahi kulijua somo hili vizuri. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kujadiliana juu ya afya zao. Redio haikuwasubirisha wala haikuwavizia. Kipindi kilikuwa na saa yake, kikundi kiliijua saa hiyo, na kiongozi wa kikundi aliandaliwa mapema. Chombo kilikuwa duni kuliko simu ya leo, lakini aliyesema na aliyesikiliza walikuwa wamekubaliana juu ya wakati. Tumepata vyombo vya kasi. Tusipoteze adabu ile ya kupatana.

Tunapendekeza, basi, mambo ambayo yako ndani ya uwezo wetu. Wenye biashara wa Mwanza na wawakilishi wa mialo wakutane waandike ratiba moja ya mwaka, inayoonyesha giza na mbalamwezi, magulio, siku za ibada na safari za meli na vivuko. Ratiba hiyo ibandikwe katika kila duka linalotuma barua, na katika kila ofisi ya halmashauri inayotoa matangazo yenye mwisho wa kuomba. Maafisa Uvuvi, ambao wanaijua kalenda hii kuliko sisi, waombwe kuisahihisha. Na kila tangazo la serikali linalowahusu wavuvi lipewe muda unaovuka mbalamwezi moja nzima, ili asiwepo wa kusema hakuwa nchi kavu.

Kwa wananchi wa visiwani nao tuna neno. Msikae kimya. Barua ikija kwa saa mbaya, mjibuni aliyeituma mumwambie saa iliyo njema. Na asiyesikia, mkataeni, kwa kuwa sheria imewapa haki hiyo. Mteja asiyesema hudhaniwa ameridhika.

Mama yule wa Ukara hakuomba msaada wala upendeleo. Aliomba jioni badala ya asubuhi. Kati ya yote yanayodaiwa kwa niaba ya visiwa vyetu, maji, barabara, umeme na meli, tofauti hiyo ya saa chache ndiyo isiyohitaji bajeti. Mnunuzi wake anaweza kuirekebisha leo hii, kabla mitumbwi haijaondoka.